Eti gari la Mzee wangu niliuze KWA KILO!

Mwana_wa_Walukuba:
Wadau, naandika mikono bado ina grisi. Sitaki hata kunawa kwanza, maana hasira ikipoa nitamsamehe, na huyu leo hasamehewi.

Mnamjua. Muuza spea, yule mwenye kalkuleta shingoni. Jinja nzima inamjua, hata samaki wa ziwani wanamjua. Leo kaja mpaka nyumbani kuniletea maunti mbili za injini, zile raba zenye chuma zinazobeba injini, mimi nipo chini ya Corolla ya Mzee, ile KE70 ya 1982, injini 4K. Akainama, akachungulia, akacheka. Akasema: "Ssebo, hii gari uza kwa kilo."

KWA KILO! Na Mzee yuko kibarazani anakunywa chai! Kasikia kila neno. Kikombe kikarudi kwenye sahani, hakikuinuka tena.

Gari halina kosa lolote. Likiwashwa limesimama lilikuwa linatetemeka mpaka kioo cha pembeni, ukikanyaga mafuta injini inaruka "gubu!", basi. Raba ya kushoto imenyweshwa oili ya kava ya tapeti miaka na miaka, imevimba, imebanduka kwenye chuma chake. Bisibisi ukiichomeka inatokea ng'ambo. Hiyo ni raba imechoka, gari limefanya nini? Gasketi ya kava nimeshabadilisha, oili isije ikala na mpya. Nimetoa waya wa betri, nimeweka ubao mpana juu ya jeki ili sampu, beseni la oili chini ya injini, isibonyee, nimelegeza nati, napandisha injini polepole jicho liko kwenye feni isije ikagonga rejeta. Kazi inakwenda vizuri kabisa. Ndipo kalkuleta likaingia getini na kilo zake.

Na maunti zenyewe hazikai! Boliti iko huku, tundu liko kule. Namwambia, ananijibu: "Panua kwa tupa." Yaani anayeniuzia chuma kisichoingia ndiye anayelipimia gari la Mzee mizani! Gari lililompeleka Mama kujifungua wadogo zangu wote! Lililovuka msitu wa Mabira usiku na magunia ya mahindi juu! Kwa kilo! Mbele ya Mzee!

Nimfanye nini huyu mtu?

Boda_Mstaafu:
Kilo ngapi lakini? Mteja ninaye.

Mwana_wa_Walukuba:
Usinizoee.

MamaDatsun:
Pole mdogo wangu. Huyohuyo aliiita Datsun 120Y yangu banda la kuku, wakwe zangu wamekaa ndani. Hayo matundu usiyaguse, mrudishie vitu vyake. Ukishapiga tupa hapokei, atasema umevitumia. Na ukipata zinazokaa, nati usikaze palepale. Ziache legelege zote mbili, shusha injini ijikalie yenyewe, ndipo ukaze.

Fundi_wa_Tororo:
Kila siku nasema. Mnabadilisha za mbele mnasahau ya chini ya giaboksi. Hiyo ikiwa imekufa, mpya zako zitachoka kabla ya wakati wake.

Mwana_wa_Walukuba:
Ya giaboksi nimeikagua, nzima. Fundi, sikuja kuomba somo. Mtu kamtukana Mzee wangu akinywa chai, hilo ndilo nimeleta hapa.

Mgongo_wa_Mbale:
Afadhali wewe. Mimi nina Volkswagen ya zamani, injini yake imeshikwa na giaboksi kwa nyuma, na giaboksi ndiyo inayokalia raba. Namweleza huyo bwana pole pole, anaitikia kichwa. Kaniletea maunti za Toyota! "Zitaingia tu, mzee." Ziingie wapi?

Boda_Mstaafu:
Na Toyota nayo mnaililia? Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda hii hii, kashinda mbio za magari za Safari mara 5 na zote kwa magari ya Nissan, hao hao wenye Datsun. Ya kwanza 1973, Datsun 240Z. Nenda kasome.

MamaDatsun:
Waambie! Waambie tena!

Mgongo_wa_Mbale:
Safari ya kwanza kabisa, 1953, Volkswagen. Msituletee utoto hapa.

Mwana_wa_Walukuba:
Jamani, KWA KILO. Mzee mpaka sasa hajamaliza ile chai.

Nyabo_wa_Bugembe:
Mnalia na muuza spea? Mimi nalia na muosha magari wa kule chini ziwani. Kafungua boneti bila ruhusa yangu, kapiga maji ya presha hadi kwenye distribyuta, kile kinachogawa umeme kwa plagi. Gari limekataa kuwaka, naye kasimama mbele yangu anadai pesa ya kuosha. Eti kazi kamaliza!

Fundi_wa_Tororo:
Fungua kifuniko cha distribyuta, kausha ndani kwa kitambaa kikavu, na ncha za waya za plagi pia. Litawaka.

Nyabo_wa_Bugembe:
Limewaka, asante Fundi. Pesa simpi.

Boda_Mstaafu:
Ni yule wa gambuti za njano? Huyo kaniosha kiti cha pikipiki kwa dizeli! Abiria wangu akashuka suruali nyeupe ina ramani.

MamaDatsun:
Gambuti za njano! Huyo huyo! Mikeka yangu ya gari iko wapi? Aliianika kwenye ua, nakuja kuchukua, ananiambia imeliwa na mbuzi.

Nyabo_wa_Bugembe:
Mbuzi?? Mimi yangu aliniambia imepeperushwa na upepo.

MamaDatsun:
Kesho asubuhi naenda. Nani tunaongozana?