Eti "mafuta hayana miguu"! Yule bwana wa lita nane sasa kavuka mpaka

Kisu Kikali (mleta uzi)

Wakuu, naandika vidole vinatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie. Jina silitaji, maana yule ana wanasheria wengi kuliko manesi. Na wala hakuna haja, mnamjua, yule daktari wa urembo wa mitandaoni: koti jeupe limetariziwa dhahabu kama joho la bwana harusi, pete tatu, na nyuma yake lile bango la kiuno cha nyigu.

Jana usiku yuko laivu, watu wamejaa kama Kariakoo mkesha wa Idi. Dada mmoja akaingia kwa adabu zote: "Shikamoo dokta, naomba kuuliza, haya mafuta ya BBL, yale ya kunyonywa mwilini na kudungwa makalioni, yakiingia kwenye damu hayawezi kufika kwenye moyo?" Swali la mtu mwenye akili timamu. Bwana mkubwa akacheka mpaka kifungo cha koti kikafunguka, akasema: "Dada, mafuta hayana miguu. Yatafikaje kwenye moyo?" Kisha akamtoa. Skrini ikajaa vikopa.

Hayana miguu! Hata gunia la mchele halina miguu na linafika Tunduma.

Ndani ya msuli wa kalio kuna mishipa ya damu minene, imekaa jirani na ule mshipa mkuu wa fahamu unaoteremka mguuni. Kanula, kile kijibomba cha kunyonyea na kudungia mafuta, ikiinamishwa ikazama kwenye msuli, ikachana mshipa mmoja, mafuta yanayosukumwa kwa nguvu yanaingia humo. Kutoka hapo ni mshipa mkuu wa tumboni, upande wa kulia wa moyo, mapafu. Hakuna kituo cha katikati. Ni mwendokasi Kimara hadi Kivukoni, na abiria anaweza kufia mezani kabla hajageuzwa chali.

Ndiyo maana mwaka 2018 chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo cha Uingereza kiliwaambia wanachama wake wasimamishe BBL. Mwaka 2019 Florida ikapiga marufuku kudunga mafuta ndani ya msuli wa kalio au chini yake. Yakae juu, chini ya ngozi tu. Makadirio ya miaka ile yalifika kifo 1 kwa kila BBL 3,000. Kumbe jimbo zima lilikuwa linakimbizwa na kitu kisicho na miguu!

Halafu ofa yenyewe: anakunyonya mafuta lita nane, ganzi tu bila nusu kaputi, unachati na simu, masaa mawili umemaliza, jioni uko harusini. Lita nane! Hiyo siyo tiba, hiyo ni sheli.

Lakini yote tisa. Hayana miguu, jamani. Na mioyo ikamwagika!

---

Kapuku Mstaarabu

Kwa hiyo dada aliyetolewa kwenye laivu ni wewe. Pole, mdogo wangu.

---

Kisu Kikali

Mimi ni mwanaume. Na hata ningekuwa ndiye, jibu la "hayana miguu" linabaki palepale.

---

Bi Nusukaputi

Miguu mmeishika sana, mimi nimekwama kwenye hiyo ganzi. Tufanye hesabu ya darasa la nne. Kwa kunyonya mafuta, kipimo cha lidokeni, hiyo dawa ya ganzi, kinachofuatwa na wengi ni mg 35 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 70 ni mg 2,450, mwisho. Kila lita ya maji yanayomwagwa chini ya ngozi huwekwa lidokeni mg 500 hadi 1,000, pamoja na adrenalini mg 1 ya kubana mishipa isivuje. Ukitaka kutoa lita 8, maji ya kumwaga nayo yanakaribia hapohapo. Hata ukiweka mg 500 tu kwa lita, ni mg 4,000. Umeshapita kwa zaidi ya nusu ya kipimo, na mteja bado anachati.

Sasa ubaya wa lidokeni ya namna hii ni kwamba inafyonzwa polepole. Kilele chake kwenye damu huja kama masaa 12 baadaye. Umemwagiwa saa mbili asubuhi, inakupanda saa mbili usiku, wakati MC anaita meza ya kamati ije kucheza kwaito. Kwanza midomo inakufa ganzi, masikio yanavuma, mdomoni ladha ya chuma. Ikiendelea ni degedege, na moyo kupoteza mapigo yake. Shangazi watadhani amepandisha maruhani.

Lita 5, mafuta na maji yake kwa pamoja, ndiyo mstari unaotumika sehemu nyingi. Ukivuka, unalala wodini, unapimwa mkojo, presha na oksijeni usiku kucha, kwa sababu maji ya mwili yanahama. Haendi mtu harusini.

---

Mzee wa Fegi

Lita nane? Mteja wake ni binadamu au kiboko wa Katavi?

---

Bi Nusukaputi

Mzee, na wewe lako lipo. Sigara, shisha na zile za kuchaji zote zinaachwa angalau wiki 4 kabla, na wiki 4 baada. Nikotini inabana mishipa midogo. Kwenye kukata tumbo, yaani kuondoa ngozi iliyolegea, ngozi imebanduliwa kutoka chini, damu inaingilia pembeni tu. Ukivuta, ile sehemu ya katikati chini ya kitovu inageuka kahawia, halafu nyeusi, halafu inakatwa.

---

Mzee wa Fegi

Nimekuja kucheka nimehukumiwa.

---

Zuhura wa Keko

Samahanini wataalamu, lakini kunyonya si ndiyo dawa ya kitambi?

---

Kisu Kikali

Hapana, na hapo ndipo yule bwana anapowala watu. Simama, legeza tumbo, finya kwa vidole viwili. Kinachofinyika kipo chini ya ngozi, hicho kanula inakifikia. Kikiwa kigumu kama ngoma na hakifinyiki, hayo mafuta yapo nyuma ya msuli wa tumbo, yamezunguka utumbo, na hakuna kanula inayoruhusiwa kwenda huko. Ni chakula na mazoezi. Na lita moja ya mafuta ni kama gramu 900, kwa hiyo anayenyonya ili ashuke kilo 20 kwenye mzani kadanganywa.

Tumbo la baada ya uzazi ni habari ya tatu. Ngozi imelegea, misuli ya katikati imeachana. Ukinyonya hapo unabaki na mfuko mtupu. Hilo linakatwa na msuli unashonwa, ukiwa umemaliza kuzaa na uzito umetulia kama miezi 6. Kovu linatoka nyonga hadi nyonga, usikubali mtu akuambie halipo.

Ila yeye angekuambia msuli hauna mikono, hauwezi kuachana.

---

Jirani wa Nairobi

Jameni, huyo wenu ana ndugu yake huku. Mwaka 2024 KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, walifunga kliniki moja hapa baada ya mteja aliyeenda kunyonywa mafuta kufariki, na bado watu wanauliza bei kabla ya kuuliza jina. Wacha niwaambie kinachoniudhi zaidi ya mafuta: maajenti. Anakuuzia Istanbul, hoteli, tiketi na upasuaji kwa kifurushi kimoja. Ukimuuliza daktari ni nani anakutumia picha ya jengo. Siku ya tano uko kwenye ndege, mguu umevimba upande mmoja, damu imeganda kwenye ndama, na yeye kamisheni ameshakula. Ukitua, hakuna daktari hapa anayetaka kugusa mshono wa mwingine usiokuja na ripoti.

---

Kapuku Mstaarabu

Ndama ndiyo nini, mguu wa ng'ombe?

---

Jirani wa Nairobi

Nyama ya nyuma ya mguu, chini ya goti. Wewe huita nini?

---

Kapuku Mstaarabu

Kigimbi, kaka. Mguu wa bia.

---

Pazia la Tiata

Tuweke na la maana kidogo. Jina kamili la daktari, siyo la laivu, linatafutwa kwenye rejesta ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Kumkuta humo hakutoshi, maana hata daktari wa kawaida yumo. Angalia kasajiliwa kama bingwa wa nini. Ukanda huu bingwa wa upasuaji wa plastiki anaweza kuwa amepitia COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika mashariki, kati na kusini, au shahada ya uzamili nje. Bingwa wa ngozi ni bingwa wa ngozi. Cheti cha siku tatu cha kudunga vijazio vya midomo hakikupi ruhusa ya kufungua tumbo.

Halafu muulize nani atakulaza usingizi, na jina lake pia. Ukijibiwa "tutaangalia siku hiyo", chukua mkoba wako. Na endapo hali itabadilika, unapelekwa ICU ipi, kwa gari gani? Serikalini Mloganzila walishaanza huduma za kurekebisha maumbo, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema Dar nzima ni chumba chake tu.

Picha za kabla na baada ndizo zinazonichosha. Kabla: tumbo limelegezwa, mwanga wa juu, chupi pana. Baada: amelala mezani bado ana maji ya ganzi mwilini, kalio limevimba, limepakwa mafuta linang'aa. Hiyo siyo baada, hiyo ni wakati. Mafuta yaliyopandikizwa, sehemu yake hufyonzwa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, mara nyingi robo hadi karibu nusu. Dai picha ya miezi sita, pembe ileile, umbali uleule. Na daktari asiyeangalia kovu lako la chanjo begani na tundu la hereni kabla ya kukuchora kalamu hajali kama una kovu la kuvimba. Kwa ngozi zetu hilo ni jambo la kwanza kuangalia.

---

Kisu Kikali

Asante mkuu. Mnaona? Watu wanaojua wapo. Halafu mtu anatuambia hayana...

---

Mzee wa Fegi

...miguu. Tumesikia.

---

Zuhura wa Keko

Na matiti je? Maana pale kwenye bango lake kaandika "ya maisha".

---

Pazia la Tiata

Hakuna ya maisha. Silikoni ni kipuri, kina namba kama injini ya bodaboda. Boksi linakuja na stika zenye kampuni, ujazo na namba. Moja inabaki kwenye faili, moja unapewa wewe kwenye kadi. Hakuna kadi, huna ushahidi umewekewa nini. Ufaransa walikuja kugundua mwaka 2010 kwamba kampuni ya PIP walikuwa wanajaza silikoni ya viwandani. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan wakaziondoa sokoni zile za BIOCELL zenye ganda la kukwaruza, kwa sababu ya aina ya saratani inayoota kwenye kovu linalolizunguka. Wenye kadi walijua siku ileile kama wamo au hawamo.

Na anayekudunga silikoni ya maji moja kwa moja, popote mwilini, huyo usibishane naye. Kimbia. Haitoki tena.

---

Upara Halali

Nyie mnalia na makalio, sisi wa vichwani nani atatusemea? Grafti 5,000, yaani vipandikizi vya nywele, kwa siku moja! Kisogo kinabaki kama mkeka ulioliwa na panya. Na nywele zetu za kipilipili mzizi wake umepinda chini ya ngozi kama ndoano. Kile kijibomba cha kutobolea kikishuka wima kama kwa Mzungu, kinakata mzizi katikati. Fundi anaendelea kuhesabu, wewe unalipia mizizi iliyokufa. Lazima ajaribu chache kwanza, aone imepinda vipi, ndipo aendelee. Halafu kuanzia wiki ya pili nywele zilizopandwa zinaanguka, kitu cha kawaida kabisa, hakuna aliyekuambia, unakaa bafuni unalia.

---

Kapuku Mstaarabu

Nyoa kipara, mkuu. Bure.

---

Upara Halali

Kichwa changu kina kona.

---

Kisu Kikali

Wakuu, nyuzi za vipara zipo nyingi. Hapa ni MAFUTA. Nani mwingine aliiona ile laivu? Ameifuta asubuhi hii!

---

Fundi wa Kubana

Mimi malalamiko yangu ni nguo za kubana. Kliniki zinamuuzia mteja moja tu, saizi moja, wiki sita. Uvimbe unashuka wiki ya pili au ya tatu, nguo inapwaya, inajikunja kiunoni, na ule mkunjo unaacha mfereji kwenye ngozi ambayo bado ni laini kama unga. Zinatakiwa mbili, ya pili saizi ndogo. Na kwa BBL inakuwa na matobo makalioni, kwa sababu mafuta yaliyopandikizwa yakibanwa hayapati damu yanakufa. Wengine wanavalishwa mkanda wa kawaida wa tumbo kutoka sokoni!

---

Zuhura wa Keko

Wale wa mkanda wa sokoni ndio mimi nawajua. Na kukaa je?

---

Fundi wa Kubana

Usikalie kalio kama wiki mbili hivi, wengine wanasema hadi sita. Ukilazimika, mto unawekwa chini ya mapaja, siyo chini ya kalio. Kalio linaelea hewani.

---

Mzee wa Fegi

Kwenye daladala ya Mbagala utaweka mto wapi?

---

Kisu Kikali

JAMANI. HAYANA MIGUU.

---

Zuhura wa Keko

Fundi, kwa aliyekatwa tumbo, hizo nguo ni hooki au zipu?

---

Fundi wa Kubana

Hooki safu tatu mwezi wa kwanza, unaipunguza kadiri uvimbe unavyoshuka. Zipu baadaye, na iwe ya pembeni. Ya mbele inakaa juu ya kitovu, na kitovu kina mshono wake.