Naomba ushauri: programu ya ankara peke yake, au inayoanzia kwa mgonjwa?

Mratibu wa Zamu (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, naratibu huduma ndogo ya ambulensi ambayo wahudumu wake bado hujaza fomu za karatasi garini. Fomu hizo hukusanywa mwisho wa zamu na kupelekwa kwa karani wa ankara, naye huziingiza upya kwenye kompyuta, mara nyingi akishindwa kusoma mwandiko au akikuta nafasi ya namba ya bima iko wazi. Madai mengi hurudishwa, na yanayolipwa huchelewa. Bodi inataka tununue programu ya ankara tu kwa kuwa ni nafuu, ilhali mimi naona afadhali tuchukue ile ambayo mhudumu anaanza kuijaza kwenye kishikwambi akiwa na mgonjwa, kisha taarifa ileile ikazaa ankara. Je, nina hoja, au natetea gharama isiyo na tija?

Karani Mstaafu

Hoja unayo, ndugu mratibu. Kampuni ya bima huuliza kwa nini mgonjwa hakuweza kusafiri kwa njia nyingine, alichukuliwa wapi na kushushwa wapi, gari lilikwenda kilomita ngapi akiwa ndani, alipewa huduma ya kiwango gani, na nani alitia saini. Hakuna hata jambo moja kati ya hayo linaloweza kupatikana ofisini. Mhudumu akiandika "mgonjwa dhaifu, amepelekwa hospitali", dai hilo halina miguu. Akiandika kwamba mgonjwa hawezi kusimama bila kushikwa na watu wawili, anapumua mara 32 kwa dakika na alihitaji oksijeni njia nzima, sababu ya safari inajieleza. Dai linaporudishwa baada ya wiki kadhaa, mhudumu amekwisha kubeba wagonjwa wengine wengi na hakumbuki chochote. Programu ya ankara peke yake itawasaidia kutuma kwa haraka zaidi madai yaleyale yenye kasoro.

Zamu ya Usiku

Naunga mkono, ila kwa tahadhari kutoka upande wetu wa garini. Kisanduku kikifanywa cha lazima bila kufikiri, mhudumu mwenye mgonjwa asiyejitambua ataandika namba yoyote ili ukurasa unaofuata ufunguke, na takwimu hiyo ya uongo ni mbaya kuliko nafasi tupu. Lazima kuwe na jibu la "haikuwezekana kupatikana" pamoja na sababu yake. Programu pia ifanye kazi bila mtandao na itume taarifa mtandao unaporudi, tena ipokee mapigo ya moyo na shinikizo la damu moja kwa moja kutoka kwenye mashine ya kumfuatilia mgonjwa. Hapo angalieni saa: saa ya kituo cha kupokea simu na ya mashine zikipishana hata dakika 4, taarifa inaweza kuonyesha kwamba mgonjwa alipewa mshtuko wa umeme wa kuamsha moyo kabla ya gari kumfikia, na sijui nani atalieleza hilo mbele ya mkaguzi.

Mratibu wa Zamu

Nashukuruni sana. Nina maswali mawili zaidi. Je, karani aruhusiwe kurekebisha taarifa ya mhudumu anapoona kasoro? Na muuzaji mmoja anataka alipwe asilimia ya makusanyo badala ya ada ya mwezi. Je, hilo lina ubaya?

Mtunza Data

Karani asiiguse taarifa ya matibabu. Airudishe kwa mhudumu, na marekebisho yaingie kama nyongeza yenye jina na saa, maandishi ya awali yakibaki yalivyo. Vilevile mhudumu asilazimishwe kuchagua msimbo wa ugonjwa wa ICD-10, yaani orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa. Kazi yake ni kueleza alichokiona na alichokifanya, na msimbo uchaguliwe na aliyefunzwa kazi hiyo. Kuhusu asilimia, mimi ningesita, kwa sababu anayelipwa kutokana na ukubwa wa ankara ana kishawishi cha kuipandisha huduma ya kawaida ionekane ya juu, na ukaguzi ukija, atakayejibu ni ninyi. Mkataba useme wazi kwamba data ni mali yenu na mtaweza kuitoa yote katika muundo unaosomeka kwingine siku mkiachana. Data hiyohiyo itawaonyesha saa ambazo simu huwa nyingi, muda ambao magari hukwama hospitalini yakisubiri kumkabidhi mgonjwa, na dawa zilizotumika. Msisahau wanaokataa kupelekwa hospitali: hawana ankara, lakini bila saini yao ndio watakaowaletea kesi.

Karani Mstaafu

Kabla ya kurudi kwenye bodi, chukua madai yote yaliyorudishwa katika robo iliyopita uyagawe mafungu mawili: yale ambayo kasoro yake ilizaliwa garini, kama saini iliyokosekana, kilomita zisizoandikwa au maelezo hafifu, na yale yaliyoharibikia ofisini, kama dai lililotumwa baada ya muda kupita. Fungu la kwanza likiwa kubwa, hutahitaji maneno mengi. La pili likizidi, basi bodi iko sahihi, na programu yao ya bei nafuu itatosha kwa sasa.