Tupeane uzoefu: Mtoto wa Kikorea, nyumbani kwao na marafiki wanaobadilika shuleni

Mlezi_NJ (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za majukumu. Nipo New Jersey, jirani na Fort Lee, eneo ambalo mabango ya Kikorea yamejaa barabarani. Binti wa jirani yangu ni Mkorea, kazaliwa hapa hapa, na ndiye shoga wa mwanangu tangu chekechea. Walipoingia shule ya kati kundi lao likasambaratika. Jumamosi asubuhi yeye yuko kanisani anasoma Kikorea, na hiyo ndiyo siku wenzake wanayofanyia sherehe za kuzaliwa. Wangu anamwelewa, maana naye ana madrasa. Wengine wameacha kumwalika, wala si kwa ubaya; wamezoea tu kwamba hayupo.

Mama yake hataki kumtoa. Bibi yuko Seoul, na wakipigiana simu ya video mtoto anabaki kutabasamu tu. Mimi naona mama ana hoja. Ila mtoto naye ameanza kununa, na juzi mama akaniuliza mimi, kana kwamba Waswahili tuna dawa yake. Mliolea, mliofundisha au mliokuwa watoto wa namna hiyo, leteni yenu. Nasaha za vitabuni tuziache.

Mzaramo_LA
Mimi nashika watoto baada ya masomo, Koreatown, yaani mtaa wa Wakorea, Los Angeles. Msidanganywe na jina, wakazi wengi wa hapa ni Walatino. Nilikuwa na kijana wa Kikorea ambaye rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa Mmarekani mweusi. Mambo yote shuleni, ila nyumbani kwa Mkorea yule rafiki hakuwahi kukanyaga.

Babu ndiye aliyekuwa anakuja kumchukua. Duka lake lilichomwa kwenye ghasia za Aprili 1992, zile zilizozuka polisi waliompiga Mmarekani mweusi Rodney King walipoachiwa na mahakama, kama maduka mengi ya Wakorea mji huu. Siku ya kwanza aliponiona mimi mlangoni alimshika mjukuu mkono, akaondoka bila salamu. Sikukasirika sana. Nilikasirika kidogo. Nikaanza kumwinamia kila akija, kama nilivyoona wenyewe wanavyowafanyia wakubwa, na baada ya muda akawa ananiletea mapeasi, yale makubwa ya mviringo.

Wale vijana mwisho waliachana, na babu wala hakuhusika. Mmoja aliingia timu ya kikapu, mwingine akabaki na fidla yake na okestra ya kanisa. Basi. Cha ajabu, babu ndiye aliyekuwa ananiuliza kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, "Yule mrefu yuko wapi?"

Kingine: zamani mtoto wa Kikorea alikuwa anaficha chakula chake shuleni. Siku hizi karatasi za mwani zinagombewa, na wasichana wanaojua nyimbo zote za BTS, lile kundi la muziki la Korea, wanamsogelea Mkorea wa darasani awatafsirie. Nimemwona Mkorea mmoja akilia chooni kwa sababu wao walikuwa wanajua maneno ambayo yeye hayajui. Huyo jirani yako mchunguze hapo.

Chai_Maharage
Mabinti zangu hapa Tabata wanasema "annyeong", salamu ya Kikorea, asubuhi kabla ya shikamoo. Mpelekeeni huyo bibi wa Seoul hawa wangu.

MamaWawili_Ansan
Nimeolewa Korea, tunaishi Ansan, mji wenye wageni wengi. Wanangu ni raia wa huku, wanazungumza Kikorea kuliko mimi, na bado kila Machi roho inanidunda. Mwaka wa shule unaanza Machi, na kila mwaka madarasa yanachanganywa upya. Rafiki wa mwaka mzima anapelekwa chumba kingine, na mwanangu anaanza tena kujibu maswali ya nywele.

Mwalimu mmoja, mwenye nia njema kabisa, alisimamisha darasani watoto wa ndoa za mchanganyiko ili wapewe zawadi ya vitabu. Kuanzia siku hiyo waliokuwa wamesahau wakakumbuka. Nilikwenda shuleni nikaomba vitabu vije kwa mzazi. Walikubali mara moja, hawakuwa wamelifikiria.

Halafu kuna jambo ambalo aliye nje halioni. Hapa chini ya maghorofa kuna uwanja mzuri wa kuchezea, na saa kumi jioni hakuna mtu. Watoto wote wako hagwon, yaani tuisheni: hesabu, Kiingereza, piano, taekwondo. Kwa hiyo ukitaka mwanao awe na rafiki, unalipa. Nilimwandikisha taekwondo na ndiko alikopata mwenzake wa sasa. Wanarudi na basi moja dogo la njano. Mkwe wangu ni mkulima kule Jeolla, anasema enzi zao urafiki ulikuwa bure.

Mkorea_wa_Iringa
Naandika nikiwa upande wa pili. Wazazi wangu walikuja Tanzania na kanisa, nikakulia Iringa. Mtaani nilikuwa "Mchina" hadi nikachoka kusahihisha. Mama alitengeneza kimchi, mboga yetu ya kuchachusha yenye pilipili, kwa kabichi ya kawaida ya sokoni, na rafiki yangu Mhehe alikuwa anaila na ugali. Tulipomaliza la saba yeye alipata shule ya bweni, mimi nikarudishwa Korea. Kule nikajikuta namwita kwa jina tupu mvulana aliyenizidi mwaka mmoja. Kosa kubwa hilo, anaitwa kaka. Kwa Kiswahili ningelijua bila kufundishwa! Miezi kadhaa nilikula peke yangu.

Mlezi_NJ, Kikorea asikiache. Ila si lazima kiwe Jumamosi. Mimi nilijifunza kwa kumsomea bibi magazeti.

Mlezi_NJ
Nimemfikishia mama yake, amesema atauliza kama kanisa lina darasa la Ijumaa jioni. MamaWawili, hiyo taekwondo mkwe wako aliipokeaje?

MamaWawili_Ansan
Alilalamika mwezi mzima, halafu akalipa ada yeye.