Kampuni ya usafirishaji imetunyima fidia ya korosho kwa sababu ya herufi moja: "ensure" na "insure"

Ndugu wanajukwaa,

Ninafungua uzi huu nikiwa katibu wa kikundi cha wanawake wanaobangua korosho hapa Mtwara. Tunailalamikia kampuni ya usafirishaji iliyokataa kutulipa mzigo ulioharibika mikononi mwake, kwa hoja kwamba mkataba wetu umeandikwa "ensure" na haukuandikwa "insure". Jina la kampuni silitaji kwa kuwa shauri bado tunalifuatilia, lakini hoja yake inapaswa kujulikana na kila anayepakia mzigo kutoka huku kusini.

Mwanzoni mwa Mei 2024, kipindi cha Kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na lori lililobeba mzigo wetu likakwama upande huu pamoja na mengine mengi. Turubai lilikuwa limechanika ubavuni. Katoni zilipofunguliwa zilikokuwa zinakwenda, mifuko ya ndani ilikuwa na matone ya maji, korosho nzima zilizoondoka hapa zikiwa nyeupe zimeingia madoa ya kijivu, na harufu ya uvundo ilimtosha mnunuzi kuzikataa bila kuzionja. Hizo ni korosho zilizobanguliwa na akina mama ambao mafuta ya ganda huwababua vidole hata wakijipaka majivu.

Kifungu kinachohusika, nikikieleza kwa Kiswahili, kinamtaka msafirishaji "ensure" mzigo wakati wote uwapo njiani, hadi kiasi cha thamani yake yote. Kampuni imetujibu kwa barua kwamba maana ya neno hilo ni kuhakikisha tu, kwamba wao walihakikisha usalama wa mzigo kwa kuufunika turubai, na kwamba kama bima ingekusudiwa, neno lingeanza na herufi "i". Nimeisoma barua hiyo mara nyingi na kila mara hasira inanipanda upya, kwa sababu aliyeiandika anakijua Kiingereza vizuri na anajua kwamba anachokiandika hakisimami.

Ni kweli kwamba maneno haya mawili yana maana tofauti. "Ensure" ni kufanya jambo fulani liwe au litokee bila shaka, na kwa kawaida hufuatiwa na matokeo yanayotakiwa: hakikisha mlango umefungwa, hakikisha mzigo umefika ukiwa mkavu. Ndani yake hamna fedha. "Insure" ni kukatia bima, na pale pana mali, thamani ya mali, ada inayolipwa na fidia inayodaiwa. Neno la kwanza linahusu kuzuia hasara isitokee, la pili linahusu kulipwa hasara ikishatokea. Sasa nauliza: mtu anahakikishaje korosho "hadi kiasi cha thamani yake yote"? Maneno hayo hayana kazi yoyote yakifuata "ensure", ila yakifuata "insure" kifungu kizima kinasomeka bila kukwama popote. Aliyekiandika alikuwa anazungumzia bima. Herufi ikikosewa, maneno mengine ya sentensi hiyohiyo hayafutiki.

Wala wasituambie kwamba tofauti hii ni ya wazi kiasi kwamba kila mtu angeiona. Maneno haya yana asili moja, Kifaransa cha zamani, na kwa muda mrefu Waingereza wenyewe waliyaandika kwa kubadilishana, hadi matumizi yalipoitenga "insure" kwa ajili ya biashara ya bima. Utangulizi wa Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 umeandika "insure" unapozungumzia kuhakikisha utulivu ndani ya nchi, mahali ambapo hakuna bima ya aina yoyote, na hadi leo wapo Wamarekani wanaoliandika hivyo. Lipo na la tatu, "assure", la kumtoa mtu wasiwasi, ambalo Waingereza nao wamelipeleka kwenye bima ya maisha. Ikiwa wenye lugha yao wameyachanganya hivyo, ni haki gani kumpachika hasara yote mbanguaji wa Mtwara?

Tena sisi hatukuletewa maandishi tukaachwa nayo. Wakala wa kampuni alitusomea mkataba kwa sauti, na kwa sauti maneno haya hayatofautiani, maana hata Waingereza wengi huyatamka namna moja. Alipofika kwenye kifungu hicho alisema kwa Kiswahili, mbele ya wanakikundi wote: "Hapa akina mama msiwe na wasiwasi, mzigo wenu una bima." Kwa kauli hiyo tulikubali nauli iliyokuwa juu kuliko ya wengine.

Kwa Kiswahili mgogoro huu usingekuwapo. Kuhakikisha ni kuhakikisha, kukata bima ni kukata bima, na hakuna karani wa kuyachanganya. Mwaka 2021 sheria za nchi yetu zilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ninafahamu kwamba marekebisho hayo hayazungumzii mikataba ya watu binafsi, lakini kampuni ya Watanzania inayoandikiana na kikundi cha Watanzania kuhusu korosho za Mtwara haina sababu ya maana ya kutumia Kiingereza, labda iwe sababu ya namna hii tunayoiona sasa.

Tumeomba tuonyeshwe hati ya bima ya mzigo, iwe imekatwa kwa jina lao au letu, na hatujajibiwa. Kama hati ipo, wadai fidia kwa kampuni yao ya bima na watulipe. Kama haipo, basi wakala wao alitudanganya, na uongo huo aliusema kwa Kiswahili, kwa hiyo mjadala wa herufi hauwaokoi. Tunadai thamani yote ya mzigo pamoja na nauli tuliyolipa. Wanasheria mliomo humu, tunaomba mtueleze kama maneno "hadi kiasi cha thamani yake yote" na ushahidi wa wanakikundi waliomsikia wakala vinatosha kufungua madai, na kama tuanzie mahakama ya wilaya hapa Mtwara au kwingine.