Kurekodi dabo besi: maiki mbele, maiki darajani au pikapu?

BesiMakole
Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu kina gitaa kavu, ilimba (ala ya Wagogo ya vyuma vya kupiga kwa vidole gumba), zeze na dabo besi, lile besi kubwa la mti la kupiga umesimama, niliyoazima kwa wiki mbili. Tunarekodi wote kwa pamoja sebuleni kwangu Makole, Dodoma, chumba cha mita 4 kwa 3, juu bati tupu bila dari. Njia nilizonazo: maiki moja ya kondensa (inanasa hata sauti ndogo) mbele ya besi, maiki ndogo ya dainamiki niivishe sponji na kuibana chini ya daraja (kibao kinachobeba nyuzi), au pikapu ya piezo iliyokuja na besi, ile inayonasa mtikisiko wa mti wenyewe. Kondensa inanipa besi, ilimba na bodaboda zote za Makole. Pikapu inalia kama ndoo ya plastiki. Nishike ipi?

Fundi_Kizota
Hiyo ndoo naijua. Umeichomeka pikapu kwenye mikisa moja kwa moja, sivyo? Piezo inataka mlango wa kuingizia sauti wenye ukinzani mkubwa, megaomu 1 hivi. Ukiipa mlango wa kawaida, sauti ya chini inakatika. Ipitishe kwanza kwenye priampu, kile kikuza sauti cha awali. Hata hapo utasikia waya zaidi kuliko mti.

zeze_chamwino
Shikamoo fundi. Mimi ni wa kondensa tu. Iweke sentimita 30 hadi 40 kutoka kwenye daraja, usiielekeze kwenye tundu la f (lile tundu la umbo la f kwenye ubao wa mbele) maana utavuna ngurumo. Mrekodi saa nane usiku, bodaboda zimelala na upepo umetulia. Mwezi wa saba mchana bati linaongea lenyewe.

Fundi_Kizota
Marahaba. Saa nane usiku na majirani je? 😄

mama_ilimba
Mnabishana maiki wakati ugonjwa ni chumba. Uzi wa E ulio wazi ni hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), wimbi lake linapita mita 8. Chumba cha mita 4 kinavimbisha hezi 43 hivi, yaani pale pale kwenye E na F. Ndiyo maana noti moja inabomoa ukuta na nyingine huisikii. Mtoe mpigaji kwenye kona, apande noti moja moja taratibu, wewe zunguka na sikio lako. Ukipata mahali noti zinalingana, hapo ndipo maiki isimame.
Halafu ilimba ikae mgongoni mwa kondensa. Ule mvumo wa utando wa buibui kwenye tundu lake ni wa juu, unapenya kila mahali.

zeze_chamwino
Hapo mama kanimaliza.

Mgeni_Ipagala
Watu watasikiliza kwenye simu, hiyo hezi 41 spika ya simu haitoi kabisa. Mnahangaikia nini?

mama_ilimba
Simu haitoi 41, lakini inatoa mizidisho yake ya juu, ya hezi mia kadhaa, na sikio linajazia lenyewe. Kwa hiyo mshindo wa kidole na sauti ya mti lazima virekodiwe vizuri. Pikapu peke yake haikupi hivyo.

BesiMakole
Mrejesho. Besi nimeisogeza karibu na mlango wa jikoni, F imetulia, siamini. Nikawasha kondensa na ile ya sponji pamoja, sauti ikakonda kama imefunga mwezi mzima. Nikabonyeza kitufe cha kugeuza fezi (kinapindua wimbi la maiki moja ili zisifutane), ikajaa. Kondensa ndiyo ninayoitegemea, ya sponji naichanganya kidogo tu ilimba ikizidi. Pikapu nimeikunja nimeiweka kwenye begi.
Sasa msiba. Jana nililegeza nyuzi zote nne ili sponji iingie vizuri chini ya daraja. Nikasikia "ko!" ndani. Kijiti kile kinachosimama kati ya ubao wa mbele na wa nyuma kimeanguka, kinabingirika humo. Na besi ni ya watu.

Fundi_Kizota
Pole. Kijiti kile hakigundishwi, kinabanwa kati ya mbao mbili, na mgandamizo wa nyuzi unasaidia kukishika. USIKAZE nyuzi kabla hakijarudi, ubao wa mbele utapasuka. Ilaze chali, iletwe Kizota kesho asubuhi. Siku nyingine legeza uzi mmoja mmoja.

BesiMakole
Inapakiaje kwenye bajaji?

Fundi_Kizota
Haipakii. Tafuta kirikuu.