Picha za simu zinafunguka tupu kwenye kompyuta, naombeni msaada kabla ya arobaini ya Baba

Binti Pangani

Assalaam aleikum, habari zenu wote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Pangani. Mambo ya kompyuta siyajui kwa undani, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoyaona.

Baba yetu alifariki wiki tatu zilizopita. Tangu Januari, alipoanza kuumwa, nilikuwa nampiga picha kila Ijumaa kabla hajatoka kwenda msikitini: kanzu nyeupe, kofia ya viua aliyoshonewa na marehemu Mama. Siku nyingine nilimpiga akiwa barazani anashona nyavu. Baharini alikuwa hawezi tena kwenda, lakini vijana waliendelea kumletea nyavu zilizochanika, na yeye hakumrudisha hata mmoja. Mdogo wangu yuko Mwanza, hakuwahi mazishi. Nataka kumtengenezea albamu aikute akija kwenye arobaini.

Jana nimechomeka simu kwa waya kwenye kompyuta ya shule, Windows 10. Nimeingia folda ya DCIM, halafu Camera. Majina yote yapo, nimehesabu picha 412. Nimezikopi zote. Za mwanzo zinafunguka vizuri, lakini nikishuka chini zinakuwa tupu: alama nyeupe isiyo na sura, na ukibofya unaambiwa faili haifunguki. Nimerudia mara tatu na waya wa mwenzangu, hali ni ileile. Kinachonichanganya ni kwamba kwenye simu, nikifungua galari, Baba namwona katika zote.

Simu ni Android. Picha ziko kwenye memori kadi ya GB 128 niliyonunua Januari. Kijana mmoja wa steshenari ameniambia kadi ina virusi, niifomati kisha picha zitarudi. Moyo umekataa, ndiyo maana nauliza kwanza.

Mkaazi wa Muscat

Waaleikum salaam dada, poleni sana kwa msiba. Mungu amrehemu Mzee.

Mimi yalinikuta kama hayo kwa iPhone. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone nyingi hupiga picha kwa muundo wa HEIC, na Windows isiyo na programu yake ya ziada haiwezi kuzifungua, ingawa picha ni nzima kabisa. Dawa ni kuingia Settings, kisha Photos (kwenye iOS 18 na kuendelea pitia Apps kwanza), ushuke mpaka chini kwenye sehemu ya kuhamishia kompyuta, uchague Automatic. Simu itazigeuza kuwa JPG wakati wa kukopi. Kama mtu anatumia iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, na amewasha kubana nafasi, picha halisi huwa ziko mtandaoni na kwenye simu inabaki ndogo tu, basi kompyuta inakuta folda pungufu. Wewe unatumia Android, lakini hebu tazama majina ya faili yanaishia na nini. Siku hizi kuna Android zinazopiga HEIC pia.

Kijana wa Kisauni

Pole sana dadangu. Sisi hapa Mombasa tumesumbuliwa sana na ile virusi ya njia za mkato. Unachomeka flashi kwenye saiba, ukirudi nyumbani unakuta folda hazimo, kuna vimshale tu. Faili zinakuwa zimefichwa, hazijapotea. Unafungua dirisha jeusi la amri, unaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (hiyo E ni herufi ya flashi yako), na kila kitu kinatokea. Lakini huyo virusi huficha faili yenyewe, jina halionekani kabisa. Kwako majina yapo na sura ndiyo hakuna, kwa hiyo naona ni ugonjwa mwingine. Tungoje mafundi.

Fundi Kahama

Mwalimu, pole sana kwa kufiwa. USIFOMATI. Usipige picha nyingine hata moja kwa kadi hiyo, usifute kitu, na usiguse sehemu ya kusafisha kache, yaani vitu vya muda ambavyo simu imejiwekea. Nitakueleza sababu, ila nijibu kwanza mambo manne.

Moja, picha zisizofunguka, kompyuta inasema zina ukubwa gani? Ni KB 0 au zina MB zake?

Mbili, zinazofunguka na zisizofunguka zimechanganyika, au kuna tarehe fulani ambayo kabla yake zote ni nzima na baada yake zote zimekufa?

Tatu, kwenye simu, chagua picha moja mbovu, iguse ijae skrini, kisha ivute kwa vidole viwili kama unataka kusoma maandishi madogo. Inakuwa safi au inabaki na ukungu?

Nne, chukua nakala ya picha moja mbovu, ile uliyokwisha kuiweka kwenye kompyuta, uifungue kwa Notepad. Usihifadhi chochote, tazama tu. Picha nzima ya JPG ukiifungua hivyo utaona herufi za ajabu zisizosomeka. Mwanzoni kabisa kuna ÿØÿ na karibu yake neno Exif au JFIF. Niambie unaona nini.

Binti Pangani

Ahsante kaka. Nimebaki shuleni baada ya vipindi nimefanya yote.

Majina yote yanaishia na .jpg. Picha mbovu zina ukubwa wake, hii MB 3.4, hii MB 2.9, hakuna yenye 0. Tarehe ipo: mpaka 9 Februari zote nzima. Kuanzia 10 Februari hadi za mwisho, 28 Machi, hakuna hata moja inayofunguka. Nzima ni 163, mbovu ni 249.

Kwenye simu nilipovuta kwa vidole ndipo nilipoumia. Kwenye ile orodha yenye viboksi Baba anaonekana vizuri, lakini nikiigusa ijae skrini inakuwa na ukungu, uso wake haushikiki, halafu baada ya sekunde moja inageuka kijivu.

Kwa Notepad, picha nzima imeonyesha kama ulivyosema, Exif nimeliona. Ile mbovu ni nyeupe tupu. Nimeshuka mpaka chini sijaona herufi.

Fundi Kahama

Nashukuru Mwalimu, umefanya kazi safi. Fanya hesabu moja ya mwisho: kwenye kadi, chagua kila kitu kinachofunguka, siyo picha tu, na video na nyimbo pia, uone jumla yake ni GB ngapi.

Binti Pangani

Kuna video za watoto wa darasa la nne wakiimba, nazo nyingi zinafunguka. Jumla yote ni GB 7.3.

Fundi Kahama

Basi nimeelewa. Hicho ulichouziwa si GB 128, ni GB 8 iliyovishwa nguo ya 128. Kompyuta huzihesabu GB 8 kama 7.4 hivi, na wewe umeishia 7.3. Hapakuwa na virusi, waya ni mzima, na wewe hukukosea mahali popote.

Ndani ya kadi kuna kidude kinachoiambia simu kadi ina nafasi kiasi gani. Wanaoghushi hukibadilisha kiseme 128. Simu inaamini, inaendelea kuandika. Jina la picha, tarehe na ukubwa wake huandikwa kwenye jedwali lililo mwanzoni mwa kadi, na huko nafasi ni ya kweli, ndiyo maana majina yote 412 unayaona. Picha yenyewe inatumwa mbele, mahali pasipokuwepo. Wewe ni mwalimu, utanielewa nikisema majina yote yako kwenye rejista lakini darasa lina madawati nane tu.

Na kwa nini kwenye simu Baba anaonekana? Mara tu unapopiga picha, galari hutengeneza kipicha kidogo cha kuonyesha kwenye orodha, na hivyo vipicha huwekwa kwenye simu yenyewe. Picha kubwa ilipotea siku ileile, kipicha kikabaki. Ukisafisha kache, au simu ikiamua kuvitengeneza upya, navyo vinakwenda. Kwa hiyo usiku huu huu, kabla ya kulala, ingia galari, panua viboksi viwe vikubwa kadiri simu inavyoruhusu, na upige skrinshoti ukurasa kwa ukurasa kuanzia 10 Februari. Hakikisha skrinshoti zinaingia kwenye simu, zisiingie kwenye kadi.

Kisha tafuta WhatsApp. Picha yoyote uliyomtumia mtu wakati ule ule ulipoipiga ina nafasi kubwa ya kuwa nzima, kwa sababu ilikuwa bado imeshikwa na kumbukumbu ya muda ya simu, haijahitaji kusomwa kutoka kwenye kadi. WhatsApp hubaki na nakala yake kwenye folda ya WhatsApp Images, ndani yake kuna nyingine inaitwa Sent. Itakuwa imepunguzwa ukubwa, lakini kwa albamu inatosha. Waulize na ndugu uliowatumia. Tazama na Google Photos kama ilikuwa inapandisha picha.

La mwisho, toa kadi, itie kwenye adapta, ichomeke kwenye kompyuta, uitembezee PhotoRec. Ni programu ya bure ya kurudisha picha zilizofutwa, ameiandika Christophe Grenier, na haiandiki kitu kwenye kadi. Wewe iambie tu iweke inachopata kwenye kompyuta. Yenyewe haijali majina, inatafuta ule mwanzo wa JPG uliouona kwa Notepad. Nisikudanganye: picha zilizovuka GB 8 haitazipata, hazikuandikwa popote. Inachoweza kurudisha ni ulizozifuta mwenyewe kabla ya 10 Februari, kama nafasi zake hazijaandikiwa kingine.

Mwaka jana aliniletea mama mmoja kadi ya aina hiyo, ya mahafali ya mwanawe. Alikuwa ameshafomatiwa simu na kadi vyote viwili. Vipicha vilikuwa vimekwenda, sikuwa na la kumfanyia. Ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa pale juu.

Kijana wa Kisauni

Dadangu, na status pia. Kama uliwahi kumweka Mzee kwenye status, kuna jamaa hupenda kuhifadhi. Uliza kwenye grupu la familia bila kuona haya.

Binti Pangani

Ndugu zangu, leo ni siku ya tano, narudi na majibu.

Skrinshoti nilizipiga usiku uleule mpaka saa sita. Kila Ijumaa ipo, hata kama ni ndogo. Google Photos haikuwa na kitu, niliizima mwenyewe kuokoa kifurushi. Kwenye Sent ya WhatsApp nimepata 38, na shangazi yangu wa Bweni, ng'ambo ya mto, amenipa 6 alizokuwa amezihifadhi kwenye status kama alivyosema kijana wa Kisauni. Moja ni ya Ijumaa ya mwisho aliyotoka kwa miguu yake, ameshika nguzo ya baraza na mkono mwingine anajirekebisha kofia.

PhotoRec nimesaidiwa na mwalimu mwenzangu. Ilichukua kama dakika arobaini. Imetoa picha nyingi ninazo tayari, na pamoja nazo 21 ambazo niliwahi kuzifuta. Nilikuwa nikipiga tatu nne, nabakiza iliyo nzuri, nyingine nazitupa: hapa amefumba macho, hapa ametikisika, hapa kidole changu kimeingia. Sasa nimezitazama moja baada ya nyingine. Kuna moja hana uso kabisa, nilipiga wakati ananyanyuka. Ni mikono tu, ya kulia na ile sindano yake ya mti ya kushonea nyavu, uzi umezungushwa mara mbili kwenye kidole cha shahada, na kovu la ndoana chini ya gumba. Nimemtumia mdogo wangu zote. Amejibu kwamba hiyo ndiyo iwe ya kwanza kwenye albamu.

Kadi nimeitia kwenye bahasha, sijaifomati. Fundi, Mungu akulipe, na ninyi wote. Nina swali moja: nikinunua nyingine, nitaijuaje kabla sijaweka kitu?

Fundi Kahama

Alhamdulillahi, Mwalimu. Hiyo ya mikono nimeisoma mara mbili.

Kadi mpya, kabla ya kuweka kitu chochote, ichomeke kwenye kompyuta uitembezee H2testw, ya bure, ya Windows. Inajaza kadi nzima kwa data yake, kisha inaisoma yote tena kuona kama imerudi kamili, na mwisho inakuandikia GB ngapi ziko sawa na ngapi zimepotea. Kwenye Linux kuna F3, kazi ni ileile. Usiogope ukiona kompyuta inaandika GB 119 kwenye kadi ya 128, hiyo ni tofauti ya kuhesabu tu na kadi ni ya kweli. Kwa ukubwa huo itachukua saa kadhaa, iwashe jioni uiache. Na risiti usiitupe mpaka imalize.