Binti yuko mwaka wa pili chuoni, anataka kugombea taji la urembo. Nimruhusu?

MamaWawili_Moro: Wadau, habari za jioni. Binti yangu wa mwaka wa pili amefuatwa na waandaaji wa mashindano ya urembo ya mkoa. Baba yake kagoma. Binti kila siku ananitolea mfano wa Toni-Ann Singh, yule Mjamaika aliyetwaa Miss World pale London Desemba 2019: kasoma saikolojia na masomo ya wanawake Florida State, kaongoza chama cha wanafunzi wa Karibi chuoni hapo hapo, sauti anayo, na taji kachukua. Mimi mfano wenyewe naona haujakaa sawa, maana yule aliondoka Jamaika ana miaka 9, kakulia Marekani, ni Mjamaika wa kwenye fomu tu. Swali langu: masomo, taji na kazi za jamii vinaiva chungu kimoja, au kimoja lazima kiungue?

Kipanga70: Kinachoungua ni masomo, dada. Enzi za Ujamaa mambo haya yalipigwa marufuku, yakarudi 1994 tukajiona tumeendelea. Mwache mtoto asome.

Mbongo_Houston: Samahani mama, "Mjamaika wa kwenye fomu" ndiyo nini? Mtoto wa miaka 9 anajikatia tiketi mwenyewe? Wanangu wamezaliwa huku, wanakula dagaa, wanamwamkia bibi yao kwa simu kila Jumapili. Nao ni wa fomu? Watu hawakumpa yule dada uongozi wa chama cha Wakaribi kwa kumwonea huruma. Kitu ulichozaliwa nacho ukiwa mbali nacho ndiyo unakishika kwa mikono miwili.

Ngosha_Mwanza: Houston kakanyagwa kidole 😂 Ila na mimi niulize, Singh si jina la kalasinga? Jamaika inaingilia wapi hapo?

Mwl_Kasulu: Ngosha, rudi darasani. Wahindi walianza kufikishwa Jamaika mwaka 1845, utumwa ukiwa umefutwa na wenye mashamba ya miwa wanatafuta wa kuwatumikisha. Walikuja kwa mikataba, kama wale waliokuja kujenga reli ya Uganda kutokea Mombasa miaka hamsini baadaye. Baba yake Toni-Ann ana asili hiyo, mama ni mweusi. Na kwao ni Morant Bay, hapo hapo ambapo Paul Bogle aliongoza watu kuinuka mwaka 1865, Waingereza wakamnyonga. Ukitafuta Ujamaika uliokolea kuliko huo utauchimba wapi?

Ngosha_Mwanza: Shikamoo mwalimu. Nilikuwa natania, sasa reli imepitia wapi mpaka kufika kwenye urembo?

Kipanga70: Mnamkuza bure. Ndiye Mjamaika wa kwanza kushinda, na alipewa kwa siasa. Mwaka ule ule Miss Universe kachukua Zozibini wa Afrika Kusini. Walikuwa wanagawa.

BiShuwekha: Wa kwanza wapi, mwanangu? Wa nne huyo. Carole Crawford 1963, Cindy Breakspeare 1976, yule aliyemzalia Bob Marley mtoto Damian, kisha Lisa Hanna 1993. Lisa akawa mbunge, akawa waziri wa vijana na utamaduni. Na kale kakisiwa ka Grenada kalimtoa Jennifer Hosten 1970, mwaka ambao kina mama walivamia ukumbi wakarusha unga kupinga mashindano. Baadaye akaiwakilisha Grenada kule Kanada. Miye sikusema nayapenda haya mambo, stara hamna. Lakini uongo siupendi zaidi.

Kipanga70: Asante kwa kunisaidia, bi mkubwa. Hapo kwa Marley ndipo hoja yangu ilipo. Taji mwisho wake kuzalishwa.

BiShuwekha: Kuzalishwa! Kwani wewe ulidondoka na mvua?

Ngosha_Mwanza: 😂😂 Naomba kiti cha mbele.

Neema_Dom: Mama, mimi ni mwanafunzi, nimeshawahi kushiriki ngazi ya chuo. Mitihani inapangika, maana ratiba yake unaijua. Taji ndilo halina ratiba. Toni-Ann alikuwa na ndoto ya udaktari. Likaja taji la mwaka mmoja, korona ikaingia, akalivaa mpaka Machi 2022 alipomvisha mwenzake kule Puerto Rico. Miaka miwili na ushei! Muulize mwandaaji mkataba unasemaje binti akishinda, safari ngapi, nani analipa, na kama anaweza kuahirisha shughuli wiki ya mitihani. Nyumbani tunaye Nancy Sumari, Miss World wa Afrika 2005, kwa hiyo mfano wa karibu upo.

Mbongo_Houston: Bado nasubiri jibu la mleta mada. Halafu kumbukeni aliyeshika nafasi ya pili, Ophély Mézino wa Ufaransa, ni wa Guadeloupe, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Ufaransa. Karibi kwa Karibi! Mbona huyo hamumwiti Mfaransa wa fomu? Jamaika inaruhusu uraia wa nchi mbili. Kenya wameruhusu tangu katiba ya 2010. Sisi Watanzania tuliochukua uraia wa nje, tukitaka kujenga kwetu tunaambiwa uraia pacha hakuna, kuna hadhi maalumu tu.

Kipanga70: Ndiyo hapo sasa. Uliapa kwa bendera nyingine, unataka na hii. Mguu huku, mguu kule, ukichanika msituite.

Mbongo_Houston: Hela za msiba wa mjomba wako zilitoka mguu upi?

Kipanga70: Mjomba wangu yuko hai. Usimwombee mabaya.

Mwl_Kasulu: Jamani, Neema kaandika la maana hapo juu, mmeliruka kama dimbwi.

MamaWawili_Moro: Kaka wa Houston, nisamehe, mdogo wangu yuko Ujerumani, naye kanipigia simu kanisema. Neema, asante mwanangu, la mkataba sikuwa nimeliwaza. Ila binti kausoma uzi wote, kanicheka. Fomu alijaza tangu Jumatatu, na baba yake ndiye aliyempa hela ya picha! Sasa anaulizia viatu virefu namba 41, Moro nzima hatujaviona.

Kipanga70: Kariakoo vimejaa, mtaa wa Kongo, asikubali bei ya kwanza. Uraia pacha bado sikubali.